UZI: Sarufi ni nini hasa? Fasili tuliyokaririshwa shuleni inaacha nje sehemu kubwa ya lugha

Mwana_wa_Ngeli (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mabishano ya lugha humu jamvini karibu yote yanaishia kwenye sentensi moja: "Hiyo si sarufi." Mtu kaandika "alikuwaga", anaambiwa hana sarufi. Mkenya kaandika "kitabu yangu", anaambiwa Kiswahili chake hakina sarufi. Mkongo kaandika "batoto", anaambiwa akajifunze lugha kwanza. Naomba tusimame hapo tuulizane: hiyo sarufi tunayowanyima watu ni kitu gani?

Fasili ambayo wengi wetu tuliikariri, maneno yakipishana kidogo kutoka kitabu hadi kitabu, inasema kwamba sarufi ni kanuni na taratibu zinazotawala matumizi sahihi ya lugha. Mimi nagombana na neno moja tu humo, "sahihi". Fasili yenye neno hilo huiona lugha pale watu wanapokosoana tu. Pale ambapo hakuna anayekosea haioni kitu, na huko ndiko iliko sarufi nyingi zaidi.

Jaribuni hili. Semeni kwa sauti: anakula, alikula, atakula, amekula. Sasa semeni: akila, akala, hula, asile. Kundi la kwanza lina "ku", la pili halina. Nani alikufundisha lini uiweke na lini uitoe? Mtoto aliyelelewa na bibi yake Unguja anasema "nikila" na "nimekula" hata kabla ya kushika kalamu, na bibi mwenyewe ukimwuliza sababu atakwambia ndivyo tunavyosema.

Sababu ipo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- havibebi mkazo huo. Bila "ku" tungebaki na "anala", na mkazo ungeangukia "na". Kwa hiyo "ku" inabaki iubebe. Viambishi -ki- na -ka- vinaweza kuubeba vyenyewe, ndiyo maana "akila" na "akala" hazihitaji msaada. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwenye kuja, kufa na kunywa. Ni kanuni safi, inatumiwa na mamilioni ya watu kila siku, na wengi wao hawajui kwamba wanayo.

Mfano wa pili: "Rafiki zangu wazuri wamefika." Tazameni upatanisho ulivyogawanyika. Kimilikishi kinasema *zangu*, kama vile tunazungumzia nyumba au nguo. Kivumishi na kitenzi vinasema *wa-*, kama vile tunazungumzia watu. Ni vivyo hivyo kwa baba zetu, dada zake, jirani zetu, adui zetu. Lakini "mbwa wetu", "simba wetu", na mtoto ni "wangu" daima. Majina ya ujamaa na uhusiano yasiyo na kiambishi m- yanachukua kimilikishi cha namna yake. Hakuna mzawa anayejikwaa hapo, na kwa sababu hajikwai, fasili ya "matumizi sahihi" haina la kumweleza.

Pendekezo langu: *sarufi ni mfumo uliomo akilini mwa msemaji wa lugha au lahaja, unaomwezesha kuunda na kuelewa tungo ambazo hajawahi kuzisikia.* Kitabu cha sarufi ni maelezo ya mfumo huo, na kinaweza kuueleza vizuri au vibaya. Kanuni za usanifu ni kitu cha tatu: ni uchaguzi wa jamii kuhusu mfumo upi utumike kwenye mitihani, magazeti na mahakama. Vitu hivi vitatu tunaviita kwa jina moja, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Karibuni mnikosoe.

---

Mhariri_Mkongwe

Mkuu, nimekusoma kwa makini na mifano yako ni mizuri. Ila nina wasiwasi na mahali unakotupeleka.

Kazi yangu ni kusoma miswada. Mtu akiniletea "vitabu zimefika", nimwache kwa kuwa mfumo umo akilini mwake? Ukiliondoa neno "sahihi" kwenye fasili, umeniondolea kalamu mkononi.

Tusisahau jinsi tulivyofika hapa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar mjini, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ikawa inapitia vitabu kabla havijachapwa kwa ajili ya shule. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) mwaka 1964, na leo ni TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ikaja 1967. Watu walifanya kazi kubwa ili mtu wa Kigoma na mtu wa Malindi wasome kitabu kimoja bila mkalimani. Leo tunaambiwa kila mmoja ana sarufi yake?

---

Mwana_wa_Ngeli

Mhariri, shikamoo na asante. Hiyo kalamu sikunyang'anyi. Mswada unaokwenda shuleni uandikwe kwa sanifu, na "vitabu zimefika" uikate.

Ninachokataa ni hiki: historia uliyoieleza, nayo ni ya kweli, ni historia ya *kuchagua*. Mmisionari Krapf alitoa maelezo yake ya Kiswahili mwaka 1850 akiwa amejifunza Mombasa. Steere, mmisionari mwingine, akatoa ya kwake mwaka 1870 akiwa amejifunza Unguja. Vilikuwa vitabu viwili juu ya wasemaji wa miji miwili. Baadaye ukaja uamuzi kwamba mji mmoja uwe kipimo. Tuseme mwaka 1928 wajumbe wangechagua Kimvita, lahaja ya Mombasa. Leo mwanafunzi wa Zanzibar angekatwa maksi kwa kuandika "anakuja" badala ya "yuwaja", na mhariri kama wewe angeisimamia hukumu hiyo kwa moyo ule ule. Je, hapo Kiunguja kingekuwa kimepoteza sarufi yake?

Halafu kuna hili. Utendi wa Tambuka, shairi refu la kale la Kiswahili, unatajwa kuwa wa mwaka 1728. Mizani zimetimia, vina vimekaa, viambishi vimepatana kutoka ubeti hadi ubeti. Kitabu cha Krapf kilikuwa mbele yake kwa zaidi ya miaka 120. Aliyetunga alifuata sarufi gani? Sarufi ilikuwapo, tena nzito. Kilichokosekana ni kitabu cha kuieleza.

---

Chaki_na_Ubao

Mimi nafundisha sekondari, niongeze kutoka darasani.

Jambo linalonisumbua ni ngeli. Wanafunzi wanadhani ngeli zenyewe ni sheria iliyoshuka, kumbe *majina* ya ngeli ni namna ya kuzipanga tu. Vitabu vyetu vingi vya Tanzania vimepanga kwa kiambishi cha nomino: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA. Vitabu vya Kenya vimepanga kwa upatanisho kwenye kitenzi: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA. Chuo kikuu unakutana na namba, ambazo zinatokana na kazi ya wanaisimu Bleek na Meinhof juu ya lugha za Kibantu. Kama sarufi ingekuwa ndicho kitabu, basi ukivuka mpaka wa Namanga sarufi ya Kiswahili ingebadilika.

Chukueni neno *kifaru*. Kwa kiambishi ni KI-VI. Lakini mnyama "kifaru amelala", na kile cha jeshini "kifaru kimelipuliwa". Mpango wa kiambishi unaviweka pamoja, mpango wa upatanisho unavitenganisha. Msemaji hana habari na mipango yote miwili, na hakosei.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kwamba maelezo na kinachoelezwa ni vitu viwili. Naomba nisaidiwe kwenye hili: mfano wa kifaru unaonyesha kwamba *maana* inaingia kwenye sarufi. Uhai wa kitu unaamua kiambishi. Sasa wale wanaosema sarufi ni maumbo na miundo tu, semantiki, yaani maana, waiweke pembeni, wanamweka wapi kifaru?

---

Maalim_wa_Pwani

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kwetu huku, kabla ya shule, tulipita madrasa, na huko mambo haya yamegawanywa. Sarufi ni elimu ya umbo la neno: namna kitendo kinavyonyumbuka. Nahau ni elimu ya neno likiwa ndani ya sentensi, mwisho wake unabadilika vipi na kwa sababu gani. Kiswahili kililichukua jina la elimu ya kwanza kikalipa mzigo wa zote.

Kilichonifanya nichangie ni kingine. Matni ya Ajurumiyya, kitabu kifupi cha sarufi ya Kiarabu, ambayo imesomeshwa karne nyingi pwani hii, inaanza kwa fasili. Inasema *kalaam*, yaani usemi, ni *tamko, lililoungwa, lenye kufaidisha, kwa kuwekwa*. Sifa nne. Tamko: iwe sauti. Lililoungwa: zaidi ya neno moja. Lenye kufaidisha: msikilizaji apate maana iliyotimia, asibaki akingoja. Kwa kuwekwa: liwe kwa mapatano ya wenye lugha.

Usahihi haukutajwa. Mwenye kitabu anaanza na kitu chenyewe, makosa ya watu yanafuata mbele huko. Na Sibawayhi wa Basra, ambaye kitabu chake ndio mama wa vitabu vyote vya sarufi ya Kiarabu, alikuwa akijenga hoja kwa kile alichokisikia kwa Waarabu wenyewe.

Ila nami nina neno na mleta uzi. Fasili yako inasema "akilini mwa msemaji". Hiyo sifa ya nne, *kuwekwa*, umeiacha. Mtu mmoja akiwa na mfumo wake peke yake akilini, ambao hakuna mwingine anayeushiriki, hiyo ni lugha? Lazima kuwe na kuelewana baina ya watu. Bila hilo, Mhariri ana haki ya kuogopa.

---

Mwana_wa_Ngeli

Maalim, wa alaykum salaam. Nimeipokea hoja hiyo kwa mikono miwili. "Kuwekwa" ndicho kitu kinachotenganisha kosa la ulimi na kanuni ya lahaja. Mimi nikiteleza leo nikasema "mtoto kimelala", hakuna kijiji kinachonishuhudia. Lakini "yuwaja" ina mji mzima nyuma yake. Kwa hiyo iwe: *mfumo unaoshirikiwa na wasemaji wa lugha au lahaja.*

Mwalimu, kuhusu kifaru naona semantiki imo, walau kwa kiasi ambacho maana inaamua umbo. Tazama na hili: "Nimeona kitabu mezani" na "Nimekiona kitabu mezani". Sentensi ya pili ni ya kitabu ambacho mimi na wewe tunakijua, labda ulikuwa unakitafuta tangu asubuhi. Lakini ukija kwa mtu, "Nimeona Juma" inamkwaruza msikilizaji wa pwani, anataka "Nimemwona Juma". Silabi moja inabeba habari ya ujulikanaji na uhai. Ukiiondoa maana kwenye sarufi utalazimika kusema "-ki-" hapo ni pambo.

---

Omwana_wa_Kakamega

Ndugu zangu, nimesoma yote. Niongee kuhusu "alikuwaga" kwa sababu kwetu Kenya tuna jamaa yake: "anakujanga", "tulikuwanga". Tumechekwa sana kwa hiyo "-nga".

Hebu itazameni kama mnavyotazama "ku" ya kula. Inakaa wapi? Mwisho wa shina. Watu husema "anaendaga", sijasikia hata mmoja akisema "anagaenda". Yaani aliye na "-ga" ana kanuni ya mahali pake. Maana yake pia haiyumbi: ni mazoea, jambo la kawaida yake. Haijaokotwa barabarani. Kisukuma kina -ag-, Kikuyu kina -aga, kwetu Kiluhya kina -anga. Wataalamu wa Kibantu wanakirudisha kiambishi hiki hadi kwenye lugha mama ya Kibantu.

Na ina kazi. Sanifu ina *hu-*: "husema". Ni nzuri, ila *hu-* inafukuza kiambishi cha nafsi na cha wakati. "Husema" ni mimi, wewe au yeye, na si wakati wowote maalumu. Ukisema "alisemaga" umeweka nafsi, wakati uliopita na mazoea ndani ya neno moja. Sanifu inahitaji "alikuwa akisema". Mtu anaweza kukataa kuiandika kwenye barua ya kazi, hilo sawa. Kumwambia aliyeisema kwamba hana sarufi, hapo namwona hajaisikiliza.

"Kitabu yangu" ya Nairobi ni vilevile. Ngeli zimepungua, ndiyo, lakini hazikuyeyuka zote. Huyo huyo wa "kitabu yangu" atakwambia "watu wamekuja", hatasema "watu imekuja".

---

Mtoto_wa_Katanga

Salamu kutoka Lubumbashi. Mleta uzi ametaja "batoto", basi nitoe ushuhuda.

Huku kwetu mtoto mmoja mdogo ni *katoto*, wakiwa wengi ni *tutoto*. Ni ngeli kamili, umoja na wingi, kama ilivyo katika Kiluba na lugha nyingine za hapa. Kiswahili cha vitabu kinatumia *kitoto* na *vitoto*, ambayo imechangia nyumba na kiti na viti. Sisi tuna chumba pekee kwa ajili ya vitu vidogo. Kwa hiyo mtu akisema Kiswahili cha Kongo "kimepunguza sarufi", namwuliza: hapa nani ana zaidi?

Babu zetu walikuja migodini wakitoka kila upande, wakajenga lugha ya kuelewana. Ile "kuwekwa" ya Maalim ilifanyika tena huku, upya, na watoto wakazaliwa ndani yake. Shuleni tunajifunza sanifu na tunaiheshimu. Nyumbani tunaongea yetu, na mtoto akikosea "ka-" na "tu-" mama yake anamrekebisha.

---

Kidato_cha_Sita

Shikamooni wote. Samahani kwa swali dogo. Nikiandika haya kwenye mtihani nitapata maksi? Mwongozo unataka "kanuni" na unataka matawi manne: fonolojia (sauti), mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia (miundo ya sentensi) na semantiki (maana).

---

Chaki_na_Ubao

Marahaba. Utapata, ukiandika kwa mpangilio. Toa fasili ya kitabu kwanza, taja na matawi yake manne. Kisha eleza kwamba neno hilo lina matumizi zaidi ya moja: sarufi elekezi inayoamuru, sarufi fafanuzi inayoeleza, na umilisi, yaani ujuzi wa lugha alio nao msemaji akilini. Hoja ya umilisi ilipata nguvu na kazi za mwanaisimu Chomsky, kuanzia mwaka 1957, alipoitazama sarufi kama mtambo wa kanuni chache unaozalisha sentensi zisizo na ukomo. Weka mfano wa "ku" ya kula. Msahihishaji akiuona mfano wa Kiswahili ambao haukutafsiriwa kutoka Kiingereza anafurahi, nakwambia ukweli.

---

Mwana_wa_Ngeli

Mwalimu amegusa jambo ambalo nilitaka kulileta: mifano na vigezo vya kutafsiri.

Tuna "aina nane za maneno". Kwa nini nane? Dionysius Thrax wa Aleksandria, karne ya pili kabla ya Kristo, alizihesabu nane kwa Kigiriki, kikiwemo kibainishi, yaani neno dogo linalotangulia jina. Warumi hawakuwa na kibainishi. Wakakiondoa, wakaweka kihisishi mahali pake, hesabu ikabaki nane. Ikapita Ulaya, ikafika kwetu ndani ya vitabu vya wamisionari, na leo mtoto wa Tabora anakariri nane. Maalim hapo juu atawaambia Waarabu walitosheka na tatu: jina, kitendo na herufi.

Kiswahili chenyewe tungekiuliza kingetujibu vingine. Kigezo chake kikubwa ni *nani anapatana na nani*. Kuna maneno yanayoamuru upatanisho, nayo ni nomino. Kuna yanayoutii: kivumishi, kimilikishi, kionyeshi, kitenzi, hata ile "-a" ya "kiti cha mwalimu". Na kuna yasiyojali kabisa: lakini, sana, kwa, leo. Ile "cha" vitabu vingine vinaiita kihusishi, eti kwa kuwa Kiingereza kinatumia kihusishi hapo. Lakini kihusishi gani kinabadilika cha, vya, la, ya, wa kila jina linapobadilika? Thrax huyo huyo aliifasili sarufi kuwa ujuzi wa yale ambayo kwa kawaida husemwa na washairi na waandishi wa nathari. Tungelishika hilo lake la kuanza na yanayosemwa, hesabu ya nane tukamwachia.

---

Mhariri_Mkongwe

Nimekaa na uzi huu tangu juzi. Nakubali kwamba nilikuwa nalinda usanifu, na usanifu una mahali pake hata kwenye fasili ya mleta uzi. Hoja ya "-ga" sikuwahi kuisikia ikiwekwa hivyo. Nitaendelea kuikata kwenye miswada ya shule. Kwenye riwaya, mhusika akiisema kwa mdomo wake, nitaiacha.

Limebaki moja. Tahajia na nukta mnaziweka wapi? Mwandishi anayeandika "ana kula" kwa kutenganisha, au "pamoja na kuwa" kama neno moja, huyo amekosea sarufi au hapana? Kazi yangu nusu nzima ni hiyo.

---

Mwana_wa_Ngeli

Hiyo naiweka nje ya sarufi kabisa, Mhariri, ingawa ni kazi ya lazima. Ushahidi ni historia ya hati zetu wenyewe. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kikahamia herufi za Kilatini. Alfabeti nzima ilibadilika, irabu za e na o zikapata herufi zake, nafasi kati ya maneno zikapangwa upya. Ngeli ziligeuka? "Ku" ya kula ilihama? Bibi asiyejua kusoma hati yoyote kati ya hizo mbili hakupoteza hata kiambishi kimoja.

Ila "ana kula" ina somo ndani yake. Anayetenganisha ameisikia "ku" ikisimama na mkazo wake, akadhani neno jipya limeanza. Mwenye "ana kula" utamkuta mara nyingi ana "ali kuja" pia, na "ata kunywa". Angalia miswada yako utuambie kama wanatenganisha na "akila".